Joka Lililoongezwa Miguu

Isevya, Tabora
11 Februari 2024

Mwanangu Advera,

Kwanza salamu, na leo nazitoa kwa zamu maana wote wamesimama nyuma ya kiti changu wanataka kuona majina yao. Baba yako hajambo, mgongo unamuuma kwa kiasi chake kile kile. Mdogo wako Levina hajambo, amenenepa, ni furaha, nitakueleza. Shangazi yako Dafrosa hajambo, anauliza kama huko mnakula samaki wabichi, nimemwambia hiyo ni nchi nyingine. Jirani yetu Bi Mwamvita hajambo, na cherehani yake haijambo, imepata mkanda mpya. Mbuzi wamezaa. Padre anakusalimu. Yule jogoo mkorofi tulimla Krismasi, kwa hiyo yeye hakusalimu. Mimi mama yako mwili ni mzima, ila moyo haujatulia, na sababu ni mzigo wako.

Mzigo umefika salama, posta hawakuufungua. Asante sana mwanangu. Nilitegemea ule mtandio wa maua ulionidokeza, lakini zawadi haikataliwi. Niliufungua mbele ya watu. Ningejua, nisingeufungua mbele ya watu.

Advera, huyu aliyeshonwa kwenye kitambaa ni nyoka? Ana mabawa kama ya popo, masikio kama ya mbwa, ulimi umetoka nje na ncha yake ni ya mkuki, mkia umepigwa fundo kama kamba ya mbuzi. Halafu ana miguu, tena miwili, ya mbele tu. Huko nyuma hana kitu, anajiburuza. Nani alimkata? Na wekundu wake ule unang'aa mpaka paka ametoka ndani na hajarudi. Bi Mwamvita alisimama mlangoni mkono kiunoni akasema, "Apolinaria, kumbe umefuga! Basi niazime na mimi, nipate bati jipya." Unaujua mji huu. Mtu akiwa na mtoto Ulaya tayari wanasema ana chatu wa utajiri chini ya kitanda. Sasa wamemwona ukutani.

Maana nimemtundika. Zawadi ya mtoto siwezi kuikunja nikaificha sandukuni kama nguo ya msiba. Yuko sebuleni, juu ya redio. Baba yako anapiga hodi kabla ya kuingia. Anasema ni tahadhari tu.

Furaha yenyewe ni hii: Levina amepata mchumba, anaitwa Eustace, wa Kaliua, kwao wanalima tumbaku, Wakatoliki wenzetu. Wazee wake wanakuja baada ya Pasaka. Nieleze huyu ni mnyama gani, nijue la kuwajibu. Na wewe unakuja lini? Tangu ile Krismasi ulipobeba begi kabla pilau halijaiva, huu ni mwaka wa nne.

Mama yako,
Apolinaria


Lincoln, Uingereza
9 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo mama. Baba naye shikamoo, na pole ya mgongo. Levina mwambie nimepiga vigelegele peke yangu jikoni mpaka jirani akagonga ukuta. Shangazi mwambie samaki nakaanga. Poleni na paka.

Mama, kaa chini kwanza. Mzigo huo si wako. Nilifunga mizigo miwili siku moja, mmoja mtandio wako wa maua, mwingine kazi yangu ya mtihani, nikabandika anwani kinyume. Wewe umepata mtihani wangu, na walimu wangu wamepata mtandio wako. Waliutandaza mezani wakautazama asubuhi nzima wakitafuta joka. Mwalimu mmoja ameandika kwamba ameuona mkia.

Ndiyo, ni joka. Halipo duniani, usiogope. Wazungu wa zamani, enzi za ngome na wapiganaji wa farasi, waliliamini sana, wakalichora makanisani, vitabuni na kwenye ngao zao. Mchoraji hakuwahi kuliona, kwa hiyo alichukua vilivyokuwa karibu naye: kichwa cha mbwa wake, mabawa ya popo wa darini, mwili wa nyoka, akaunganisha. Mimi hapa najifunza kudarizi kama walivyodarizi wao, na hilo nimelishona mwaka mzima, gamba kwa gamba, kwa mkono. Hakuna aliyelikata. Mengi yalichorwa hivyo hivyo, na miguu miwili. Mpiganaji aliliweka kwenye ngao ili adui akija alitazame joka, asimtazame yeye.

Mama, nimeomba wanisubiri hadi Juni. Tafadhali lirudishe. Usilifue. Usilipige pasi. Usilishike ukitoka jikoni. Nisipolifikisha, mwaka wote huu umekwenda bure na cheti sipati.

Kuhusu kuja, nitakuandikia vizuri siku nyingine.

Mwanao,
Advera


Isevya, Tabora
14 Aprili 2024

Mwanangu Advera,

Marahaba, na baba yako anaitikia kutoka chumbani. Wote wazima, paka amerudi lakini anapita dirishani. Shangazi Dafrosa amefurahi kusikia unakaanga. Bi Mwamvita anasema hao walimu wakimaliza na mtandio wamtumie yeye, kwa kuwa mimi nimeshapata changu.

Barua yako imefika siku moja baada ya wageni. Siku moja, Advera. Ningekuwa nayo mkononi ningeshusha kile kitambaa. Basi.

Walikuja na treni kutoka Kaliua, mvua inanyesha. Mbele ni babu yake Eustace, Mzee Doto. Mzee huyu ujana wake wote alikuwa kwenye chama cha wayeye, wale wacheza nyoka, ana kovu la swila kwenye kidole na analionyesha kama mtu mwenye saa mpya. Akaingia. Akainua macho. Akasimama pale pale, na wenzake wote wakabaki nyuma yake mlangoni wanalowa.

"Mama Advera," akasema, "salamu za nyumba tumezipokea. Na huyu ni nani?"

Nikamwambia, "Ni zawadi ya mtoto, mzee."

"Sikuuliza ametoka wapi. Nimeuliza ni nani. Nimeshika nyoka kabla sijaota ndevu. Sijashika mwenye miguu."

Baba yako, sijui nani alimtuma, akasema, "Miguu yenyewe ni miwili tu, mzee. Na mabawa."

Mzee Doto akamgeukia polepole. "Miguu miwili na mabawa?"

"Ndiyo."

"Basi ni kuku."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Unajua kwetu: kuku akishaonekana na mkwe, huyo amekwisha, lazima aingie chunguni, ukimwacha umemnyima mgeni. Na sisi tulikuwa tumepika mbuzi. Mzee akasema kwa huzuni kabisa, "Tumetoka Kaliua na njaa yetu, mmetuonyesha kuku mkubwa kuliko wote niliowahi kuona, mwekundu, mnene, halafu mnatuletea mbuzi." Mjomba wake Eustace akajaribu kutusaidia, akasema labda ni nyoka tu. Ndiyo akazidisha! Mzee akasema, "Kama ni nyoka, siwezi kula chini ya nyoka ambaye dawa yake siijui. Kama ni kuku, tumenyimwa. Angekuwa na miguu minne ningesema ni mfugo. Nyumba ina mifugo, nani atalalamika? Ningekaa, ningekula."

Hawakula. Wamesema watarudi mwezi wa sita kusikia jibu letu, na jibu likiwa la ovyo, uchumba umekufa. Levina amejifungia, hataki hata chai. Bi Mwamvita aliikalia ile nyama ya mbuzi, akasema yeye hana ugomvi na ndege.

Sasa mwanangu, waulize wakubwa wa huko. Ni lazima iwe miwili? Hakuna hata mmoja, popote, mwenye minne? Kitambaa nitakirudisha, ila subiri kwanza. Na hujanijibu unakuja lini.

Mama yako,
Apolinaria


Lincoln
12 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Salamu kwa baba, kwa shangazi, kwa Bi Mwamvita na kwa paka. Levina mwambie anywe chai, dada yake anatafuta miguu.

Jibu ni kwamba wapo wa minne, tena wengi. Mwanzoni kabisa joka lilichorwa kama nyoka mtupu, halina mguu hata mmoja. Baadaye likaota miwili na mabawa. Miaka mingi ikapita ndipo minne ikazoeleka. Mwisho Waingereza wakaamua kwamba kwenye ngao joka halisi ni la minne, na lile la miwili wakalipa jina lake lingine. Majirani zao wa Ufaransa wakaendelea na miwili, hawakushtuka. Mwambie Mzee Doto hata wao walibishana hivyo hivyo, na wao walikuwa na mapanga.

Kuna Mtakatifu Margareta, aliyemezwa na joka akatoka tumboni mwake mzima. Wachoraji wanamwonyesha amesimama anasali, na pindo la gauni lake bado liko mdomoni mwa joka, linamalizia kumeza. Kinamama wajawazito walimwomba yeye. Na kuna vitabu vilivyoandika kwamba joka linakaa huko kwetu Afrika, upande wa Uhabeshi, na huko Bara Hindi, linamvizia tembo njiani, linamfunga miguu kwa mkia, maana nguvu zake ziko mkiani, si menoni. Tembo wenyewe wachoraji hao hawakuwaona. Katika kitabu kimoja nilichokiona amechorwa kama nguruwe mwenye tarumbeta, na kwato juu yake.

Mama, nakusihi, litume wiki hii. Walimu wananiuliza kila Jumatatu.

Mwanao,
Advera


Isevya, Tabora
23 Juni 2024

Mwanangu Advera,

Marahaba. Sisi ni wazima kabisa. Baba yako mzima. Levina mzima, anakunywa chai, anaimba. Shangazi Dafrosa mzima. Bi Mwamvita mzima, na mume wake mzima, na yule binti wa mume wake wa Urambo amekuja kusalimia naye ni mzima. Wana-mbuzi wamekua. Padre amehamishwa, aliyekuja ana sauti nzuri. Mvua zimekwisha, baridi ya asubuhi imeanza, mihogo imekubali, kisima hakijakauka, redio imetengenezwa. Sidhani kama nimesahau kitu.

Suala la miguu limekwisha. Sitaki kukuchosha na maelezo. Mzee Doto alikuja, akatazama, akahesabu kwa kidole, akasema, "Ahaa. Kumbe mfugo." Akakaa. Akala. Aliomba kuongezwa. Harusi ni tarehe 28 Septemba, wakishauza tumbaku.

Ila kuhusu kurudisha, hapo pana jambo. Wazee wamesema mnyama aliyekwisha kutambulishwa kwa wakwe hawezi kukosekana siku ya harusi. Wakija wasimwone watauliza tumemuuza kwa nani. Ndiyo desturi. Mimi nitafanyaje, mwanangu? Mimi ni mwanamke tu wa darasa la nne.

Habari ya tembo nimemsomea baba yako. Babu yake yeye alibeba pembe mabegani kutoka hapa Tabora mpaka Bagamoyo, akarudi, na katika hadithi zote alizorudi nazo hakutaja hata siku moja tembo aliyefungwa miguu na nyoka. Baba yako anasema hao waandishi walidanganywa na wapagazi, na anahisi anajua ukoo gani. Margareta nimempenda, ila lile gauni lina mate ya joka, nani alilifua?

Simu zako naziona. Inawaka, inaruka-ruka mezani, naitazama mpaka inyamaze. Mimi kwa mdomo siwezi kuficha kitu, ndiyo maana nakuandikia. Tena kwenye simu salio linakwisha salamu ziko kwa shangazi.

Na nimegundua jambo. Kila nikikuuliza unakuja lini, wewe unanijibu habari za majoka.

Mama yako,
Apolinaria


Lincoln
28 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Wasalimie wote.

Barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana. Levina amenitumia picha kwenye simu. Alitaka nione sare za harusi alizoshona Bi Mwamvita, Levina mwenyewe kasimama mbele, na nyuma yake ukutani, juu ya redio, nikaliona joka langu.

Mama, lina miguu minne.

Miwili ya nyuma ni ya kitenge. Nakijua kitenge hicho, ni cha lile gauni lako la kipaimara changu, chenye vitunguu. Na miguu hiyo ina kwato. Nilikaa chini, jikoni, sakafuni. Nilitaka kulia, nikacheka, halafu nikalia kidogo. Sijui hata nikukasirikie wapi. Nilikwambia mwenyewe kwamba wale wachoraji walitumia vilivyokuwa karibu. Nilikwambia mwenyewe habari za kwato.

Nimewaambia walimu kwamba kazi yangu imeongezwa miguu na mama yangu kwa ajili ya uchumba. Mmoja akauliza, uchumba wa nani na joka? Nikaeleza. Wamesogeza hadi mwisho wa Oktoba na hawasogezi tena, na wamesema nilichukue mwenyewe, nisiiamini posta wala anwani zangu.

Kuna jingine. Baba amenipigia kwa simu ya Bi Mwamvita, akinong'ona. Anasema Mzee Doto hakusema chochote kuhusu joka kuwepo harusini. Anasema Mzee Doto alikula, akapangusa mdomo, akasinzia. Sasa, mama, hao wazee waliosema ni wazee gani?

Kuja nataka. Sikujibu kwa sababu unajua mwenyewe ilivyokuwa Krismasi ile. Harusi ya mdogo wangu, mimi nimekaa pale mikono mitupu, itakuwa mara mbili yake.

Advera


Isevya, Tabora
18 Agosti 2024

Mwanangu Advera,

Marahaba mwanangu, marahaba tena. Baba yako hajambo, ila leo amekula mwisho, anajua sababu. Levina hajambo. Bi Mwamvita hajambo, simu yake nimemwambia aiweke mbali na wanaume wa watu. Mzee Doto hajambo, alipita juzi akielekea Nzega, hakuwa na shida yoyote, alisema amekuja kumsabahi mfugo.

Barua yako nimeipata. Pale uliponiuliza ni wazee gani waliosema, palidondokewa na chai, sikuweza kupasoma. Mengine nimesoma yote.

Miguu usiihofie. Nimeishikiza kwa uzi mlegevu, sindano nyembamba, sikugusa gamba lako hata moja. Nililala nikiwaza mkono wako ulivyopita pale. Siku unayoondoka tutaifumua mimi na wewe, haitaacha hata tundu. Lakini tusubiri Mzee Doto apande treni kwanza. Kwato hizo ni za yule ng'ombe wa kalenda, nilikosa mfano mwingine.

Sasa nisikilize. Krismasi ile shangazi yako na wenzake walikuweka katikati kwenye mkeka. Mume yuko wapi, watoto wako wapi, umri unakwenda, huko Ulaya wanaume wameisha? Mpaka ukabeba begi. Naijua ilivyokuwa. Ndiyo maana sikukuuliza hayo katika barua zote hizi, nilikuuliza siku tu.

Basi tangu Pasaka, Advera, hakuna mtu aliyeingia nyumba hii akauliza habari za mume wako. Hata mmoja. Wakivuka kizingiti wanainua macho, na hapo hapo wamekwisha. Linakula nini? Linauma? Mbona fundo mkiani? Hao kinamama wa parokia wamekuja makundi makundi, hawakutaja jina lako ila kusema mtoto ana mikono. Shangazi Dafrosa mwenyewe, yeye aliyeanzisha, alikaa hapa kutwa nzima Jumapili kubishana na baba yako kama lile ni dume. Alipofika getini ndipo akakumbuka, akageuka, akafungua mdomo aseme, "Na Advera naye..." Nikamwonyesha mkia tu. Akarudi ndani.

Wewe mwenyewe uliniandikia, na karatasi ninayo: wale wapiganaji waliliweka kwenye ngao ili adui alitazame joka, asimtazame mtu. Mimi ngao sina, nina ukuta. Nimeshalitundika. Na siku ya harusi nitalitoa nje, nilitundike pale turubai linapoanzia, watu wote walipite kwanza kabla hawajakufikia wewe. Wakimaliza kuuliza, wali utakuwa umeiva.

Uje na ule mtandio wangu kama walimu wameshamaliza kuutafuta. Niandikie upesi, mwanangu, usichane-chane, niambie unashuka treni ya siku gani. Joka nalilaza chumbani kwako kuanzia leo, likuzoee kabla hujafika.

Mama yako,
Apolinaria